Hana, dul, set: mwongozo kamili wa namba za asili za Kikorea

Ukiingia ukumbi wa taekwondo, uwe wa Dar es Salaam, wa Nairobi au wa Seoul kwenyewe, utasikia watu wakirusha mateke kwa hesabu: hana, dul, set, net. Misuli ikishapata moto, mwalimu anataja zoezi linalofuata: Taegeuk il jang, yaani la kwanza katika mfululizo wa Taegeuk. Mwanafunzi mwenye masikio anajiuliza: moja si ilikuwa hana? Hii il imetokea wapi?

Imetokea China. Kikorea kina seti mbili za namba. Moja ni ya nyumbani: hana, dul, set. Nyingine ilikuja na maandishi ya Kichina: il, i, sam, sa, o, yuk, chil, pal, gu, sip. Zote mbili zinatumika kila siku, mara nyingine ndani ya sentensi moja, na hakuna Mkorea anayeona ajabu.

Wala sisi hatuna haki ya kushangaa. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni Kibantu. Sita, saba, tisa, kisha ishirini hadi tisini, mia na elfu, tumezipata kwa Waarabu. Tofauti ni kwamba sisi tumezisuka kwenye mstari mmoja, wao wameacha mistari miwili ikimbie sambamba.

Vitabu vingi humpa mwanafunzi jedwali refu la nini kinahesabiwa kwa seti ipi. Mimi jedwali hilo lilinishinda. Kilichonisaidia ni swali moja ninalojiuliza kabla ya kufungua mdomo: *ninahesabu vitu, au ninasoma namba?* Machungwa matatu mkononi nayahesabu, kwa hiyo ni namba za asili. Basi namba 3 naisoma pale kwenye kioo cha mbele, kwa hiyo ni namba za Kichina. Swali hili lina mianya yake, tutaiziba tukifika huko, lakini litakubeba sehemu kubwa ya safari.

Zilikotoka

Anayetaka kuanza kuhesabu mara moja aruke sehemu hii. Mimi naipenda kuliko zote.

Namba za asili za Kikorea hazina ndugu wa kueleweka. Kwa muda mrefu wataalamu walijaribu kukiunganisha Kikorea na Kimongolia na Kituruki, lakini namba haziwasaidii. Mturuki anasema bir, iki, üç. Mmongolia anasema neg, khoyor, gurav. Mkorea hana, dul, set. Hakuna hata moja inayoitana na mwenzake, tofauti na tatu ya Mswahili na tatũ ya Mkikuyu.

Ushahidi wa kale umo katika nyimbo za ufalme wa Silla. Upo wimbo wa Cheoyong, unaohusishwa na enzi ya mfalme Heongang, aliyetawala kuanzia mwaka 875 hadi 886. Mtu anarudi nyumbani usiku baada ya kutembea kwenye mbalamwezi, anachungulia kitandani, anaona miguu minne. Miwili ni yangu, anasema. Hii miwili mingine ni ya nani? Wimbo umeandikwa kwa herufi za Kichina zilizotumiwa kubeba sauti za Kikorea, na neno la "mbili" limeandikwa kwa herufi mbili: ya kwanza inatoa maana, ya pili inaonyesha kuwa mwishoni kulikuwa na sauti ya h. Karne ya 15, mfalme Sejong alipobuni alfabeti ya Hangul (ilikamilika 1443, ikatangazwa 1446), neno hilo bado lilikuwa na mkia huohuo: dulh. Leo mkia umekatika, imebaki dul.

Katikati ya nyakati hizo mbili kuna shahidi mgeni. Mwanzoni mwa karne ya 12, Mchina aitwaye Sun Mu alifika ufalme wa Goryeo, akaorodhesha mamia ya maneno aliyoyasikia huko, akiyaandika kwa herufi za kwao. Namba zimo, kuanzia moja. Alipofika mia aliandika neno linalosomeka "on", na hilo ni neno la asili la Kikorea ambalo leo halitumiki tena. Elfu akaiandika tayari kwa neno la Kichina. Lakini neno la asili la elfu, jeumeun, lilikuwa bado hai mahali fulani, kwa sababu linaonekana kwenye vitabu vya mwanzo vya Hangul miaka zaidi ya 300 baadaye.

Basi leo namba za asili zinaishia 99. Mia ni baek, elfu ni cheon, elfu kumi ni man, zote za Kichina. Jeumeun ilifufuka kidogo mwaka 2000, pale watoto waliozaliwa mwaka ule walipopewa jina la jeumeundungi, "watoto wa elfu", kisha ikarudi kulala.

Hii nayo tunaijua kwa mwili wetu. Kabla ya sita kulikuwa na tandatu. Kabla ya tisa kulikuwa na kenda, ambayo wazee bado wanaitaja. Na kabla ya saba kulikuwa na fungate, siku saba za maharusi, ambayo leo watu wanaitamka bila kujua kwamba wanataja namba. Neno la asili likifukuzwa kwenye hesabu hukimbilia kwenye desturi, likajificha humo.

Kuna fumbo moja zaidi. Mwaka 1145 Kim Busik alikamilisha Samguk sagi, historia ya falme tatu za Korea. Ndani yake mna orodha ya majina ya mahali katika maeneo yaliyokuwa ya Goguryeo, mmoja wa falme hizo, jina la kienyeji likiwa kando ya tafsiri yake ya Kichina. Kutokana na majina hayo wataalamu wametoa namba nne: tatu ni mil, tano ni ucha, saba ni naneun, kumi ni deok. Hazifanani kabisa na set, daseot, ilgop na yeol. Zinafanana na za Kijapani: mi, itsu, nana, tō. Kwa maneno mengine, kwenye rasi ileile palihesabiwa kwa namba za asili za aina zaidi ya moja, na zilizotufikia ni za upande mmoja tu. Nani hasa alisema mil na naneun, wataalamu wangali wanabishana.

Hatua ya 1: kumi za kwanza

Zisome kwa sauti, si kwa macho:

1 hana (하나), 2 dul (둘), 3 set (셋), 4 net (넷), 5 daseot (다섯), 6 yeoseot (여섯), 7 ilgop (일곱), 8 yeodeol (여덟), 9 ahop (아홉), 10 yeol (열).

Kuhusu matamshi, "eo" ni irabu moja, si e na o. Tamka o yetu huku umefungua kinywa zaidi, kama unaelekea a. "Eu", utakayokutana nayo kwenye makumi, haipo kwetu: anza kusema u, kisha vuta midomo pembeni kama anayetabasamu. Herufi t na p za mwisho hazipasuki. Mswahili ana mazoea ya kumalizia neno kwa irabu, kwa hiyo set inataka kuwa "seti" na ilgop inataka kuwa "ilgopu". Funga kinywa na uache sauti ifie humohumo.

Nane ina mtego. Imeandikwa kwa konsonanti mbili mwishoni, l na b, lakini ikisimama peke yake b hainenwi. Ikifuatwa na irabu inaibuka: "ni nane" ni yeodeolbieyo.

Vidole vitakusaidia kukariri, ila kwa namna yao. Mkorea anaanza na kiganja kilicho wazi na kukunja: kidole gumba ni hana, cha shahada dul, mpaka kidole cha mwisho, ngumi imefungwa, daseot. Kisha anafungua kuanzia kidole cha mwisho: yeoseot, ilgop, hadi kiganja kiwe wazi tena, yeol. Mkono mmoja unatosha kumi. Utaambiwa kwamba daseot inatokana na "kufunga" (datda) na yeol inatokana na "kufungua" (yeolda). Inapendeza, na kwa kukariri ni dawa. Kama asili ya maneno usiiwekee dhamana: katika Kikorea cha karne ya 15 kumi ilikuwa na mkia wa h, yeolh, na kitenzi cha kufungua hakikuwa nao.

Hatua ya 2: kutoka 11 hadi 99

Hapa Kikorea ni chepesi kuliko Kiswahili, maana hakuna "na". Kumi na moja ni yeolhana, kumi na mbili yeoldul, kumi na tano yeoldaseot. Ila maandishi na sauti hupishana: yeoldul husikika "yeolttul", d ikiwa imekazwa; yeoryeoseot, jinsi wengi wanavyodhani kumi na sita inatamkwa, kwa kweli ni "yeollyeoseot", l ikiwa mbili; na kumi na saba ni "yeollilgop". Sikiliza wenyewe, uige.

Makumi hayana njia ya mkato. Yanakaririwa moja moja:

20 seumul (스물), 30 seoreun (서른), 40 maheun (마흔), 50 swin (쉰), 60 yesun (예순), 70 ilheun (일흔), 80 yeodeun (여든), 90 aheun (아흔).

Kuanzia sitini utaona ndugu: yesun na yeoseot, ilheun na ilgop, yeodeun na yeodeol, aheun na ahop. Ishirini hadi hamsini ndizo zinazosumbua, na ndizo utakazozihitaji zaidi, kwa sababu ndizo umri wa watu wengi utakaokutana nao. Zikariri kama majina ya watoto wa jirani.

Kisha unganisha: 21 seumulhana, 34 seoreunnet, 99 aheunahop. Ukivuka 99 unachanganya seti: vitu 101 ni baek han gae, mia kutoka China na moja kutoka nyumbani.

Hatua ya 3: kuikata namba kabla ya kitu

Ukihesabu hewani, kama pale kwenye taekwondo au mpiga picha anapowaandaa watu, unasema hana, dul, set. Lakini namba ikisimama mbele ya neno la kuhesabia, tano zinakatwa:

hana inakuwa han, dul inakuwa du, set inakuwa se, net inakuwa ne, na seumul inakuwa seumu.

Usiione ngeni. Wewe mwenyewe unahesabu "moja, mbili, tatu", lakini ukifika kwenye vitabu husemi "vitabu mbili", unasema viwili. Mbili ya hewani na -wili ya kwenye vitu ni neno moja lenye sura mbili. Dul na du ni hivyohivyo.

Mkato unafuata mwisho wa namba: vitu 11 ni yeolhan gae, 22 ni seumuldu gae, 34 ni seoreunne gae. Seumul inakatwa pale tu ishirini ikiwa kamili: seumu gae ni vitu 20, ila 21 ni seumulhan gae. Daseot kwenda juu hazibadiliki.

Kwa vipimo vya kale kuna mkato mwingine: tatu huwa seo au seok, nne huwa neo au neok. Miezi mitatu ni seok dal, karatasi nne ni neok jang. Huna haja ya kuzikariri zote, lakini utazisikia kwenye methali. Moja inayosemwa sana ni *guseuri seo mal-irado kkweeoya bobae*: hata ukiwa na shanga mal tatu, mpaka zitungwe ndipo ziwe hazina. Mal ni kama lita 18, yaani ni debe letu lile la mafuta ya taa. Madebe matatu ya shanga zisizotungwa!

Hatua ya 4: neno la kuhesabia

Mkorea hasemi "kahawa mbili", anasema keopi du jan. Ukiipanga neno kwa neno ni "kahawa, mbili, kikombe". Kiswahili cha mgahawani kinakaribia hapo: kahawa vikombe viwili. Kitu kinatangulia, halafu kipimo na idadi. Wao tu idadi inakuja kabla ya kipimo.

Na kama umekua na ngeli, wazo lenyewe unalo. Sisi tunaibandika aina ya kitu kwenye namba: watu wawili, miti miwili, vitabu viwili. Mkorea anaitenga ikawa neno zima. Haya ndiyo ya kuanza nayo:

- gae: vitu kwa jumla, ukikwama, tumia hii
- myeong au saram: watu, bun: watu kwa heshima
- mari: wanyama, ndege, samaki
- gwon: vitabu
- jan: vikombe na glasi, byeong: chupa
- jang: karatasi, picha, tiketi
- dae: magari na mashine
- beol: nguo, kyeolle: viatu au soksi, jozi

Kwa bun kuna adabu ya kuangalia. Ukiingia mkahawani mhudumu atakuuliza *myeot bun-iseyo?*, mko wangapi? Yeye anatumia bun kwa sababu anakuheshimu. Wewe usijipe heshima mwenyewe. Jibu *se myeong-iyo*, tuko watatu. Ukisema se bun ni kama kujiita mheshimiwa.

Sokoni ndiko namba za asili zinakonoga. Chane ya ndizi, fungu la nyanya, korja ya kanga yenye vipande 20: wao nao wana yao. Makareli huuzwa kwa son, yaani mkono: han son ni samaki wawili, mkubwa na mdogo, kiasi cha kushika kwa mkono mmoja. Ngisi wakavu wanauzwa kwa chuk, na chuk moja ni ngisi 20, sawasawa na korja. Mwani wa gim unakwenda kwa tot, karatasi 100. Vitunguu saumu kwa jeop, vichwa 100. Sindano kwa ssam, na ssam moja ni sindano 24. Vijana wa Seoul wengi hawazijui zote, ukizitaja sokoni utamchekesha mama muuzaji.

Hatua ya 5: saa

Hapa seti mbili zinakaa kwenye sentensi moja. Saa zinahesabiwa kwa namba za asili, dakika kwa namba za Kichina. Saa 7:20 ni ilgop si isip bun: ilgop ya nyumbani, isip ya China. Nusu ni ban: du si ban. Saa za muda nazo ni za asili: du sigan ni muda wa saa mbili. Mfumo wa saa 24, kama jeshini, unasomwa kwa Kichina: 15:00 ni sibo si.

Sasa mtego wetu wenyewe, ambao Mfaransa au Mjapani hana. Mkorea anahesabu saa kuanzia usiku wa manane na mchana, si kuanzia alfajiri na magharibi. Niliwahi kumwambia mwenzangu tukutane du si, kichwani nikiwa na saa mbili ya usiku. Alinisubiri saa nane mchana, na aliposhika simu nilikuwa bado nimelala kidogo baada ya chakula. Namba nilitamka sawa, du kwa du. Nilichosahau ni kutafsiri saa.

Dawa ni kuzikariri kwa jozi: se si ni saa tisa yetu, na ahop si ni saa tatu yetu. Tatu na tisa zinabadilishana viti. Yeoseot si ni saa kumi na mbili, na yeoldu si ni saa sita. Ukizishika nne hizo, zilizobaki utazipata kwa kuongeza au kutoa sita.

Hatua ya 6: pale swali linapopata mwanya

Neno beon ndilo mtihani mzuri. *Du beon* ni mara mbili: umehesabu. *I beon* ni namba mbili: umesoma, pengine ni basi, mlango wa stesheni au swali la mtihani. Ukikosea seti, umebadilisha maana yote.

Miezi ina njia mbili. Kwa dal, neno la asili, unatumia namba za asili: han dal, du dal. Kwa gaewol, neno la Kichina, unatumia za Kichina: il gaewol, i gaewol. Maana ni ileile, muda wa mwezi mmoja, wa miezi miwili. Kwa kiasi kikubwa ndivyo lugha inavyojipanga: neno la asili huita namba ya asili. Usiligeuze kuwa sheria, kwa sababu myeong, gwon na byeong zina asili ya Kichina na bado zinahesabiwa kwa han, du, se.

Mwanya mkubwa kuliko wote ni inbun, sehemu ya chakula cha mtu mmoja. Nyama ya watu wawili ni *i inbun*, si du inbun, japo bila shaka unahesabu. Hiyo ikariri tu, na usitafute haki.

Vinavyosomwa ni hivi: fedha, tarehe, simu, ghorofa, dakika, kilo, asilimia. Hapo ni Kichina moja kwa moja. Na idadi ikishakuwa kubwa, watu wenyewe huhamia huko hata kwa vitu: watu hamsini utasikia swin myeong na osip myeong pia.

Jeshi la Korea Kusini limeamua kivyake. Redioni il, i na chil husikika kama ndugu pacha, na kukosea namba za mahali kwenye ramani si mchezo, kwa hiyo askari huchanganya seti wakitaja tarakimu: hana, dul, sam, net, o, yeoseot, chil, pal, ahop, na sifuri ni gong.

Kwa mpangilio, "wa kwanza" haitoki kwa hana. Ni cheotjjae, kama kwetu ambako hatusemi "wa moja". Baada ya hapo mambo yananyooka: duljjae, setjjae, netjjae. Katika familia maneno haya yanataja watoto: cheotjjae ni kifungua mimba, duljjae anayemfuata. Kitinda mimba ana neno lake, mangnae, na wapenzi wa bendi za Kikorea wanalijua vizuri.

Hatua ya 7: umri

Neno ni sal, na namba ni za asili: seumu sal ni miaka 20, seoreundaseot sal ni miaka 35. Kwenye hati na habari utaona se badala ya sal, ikiwa na namba za Kichina: isip se. Mtoto unamuuliza *myeot sal?* Mzee usimuulize hivyo hata siku moja. Neno la heshima ni yeonse.

Zamani Mkorea alikuwa na mwaka mmoja siku ya kuzaliwa, kisha akaongeza mmoja kila tarehe 1 Januari. Mtoto wa tarehe 31 Desemba aliamka kesho yake akiwa na miaka miwili. Tangu 28 Juni 2023 sheria inahesabu kama sisi, lakini mazungumzoni hesabu ya zamani haijaondoka. Mtu akikutajia umri usioelewana na mwaka wake, usimwite mwongo.

Hatua ya 8: siku

Hesabu ya siku ni bustani ya pembeni. Siku moja ni haru, mbili iteul, tatu saheul, nne naheul, tano dassae, sita yeossae, saba ire, nane yeodeure, tisa aheure, kumi yeolheul. Siku kumi na tano ni boreum, ambalo pia ni jina la siku ya mwezi mpevu.

Ya kuiangalia ni saheul, siku tatu. Inaanza na sa, na sa kwa Kichina ni nne. Julai 2020 serikali ya Korea Kusini iliitangaza Jumatatu, 17 Agosti kuwa ya mapumziko, ikiungana na Jumamosi ya sikukuu ya ukombozi na Jumapili yake. Vyombo vya habari vikaandika "mapumziko ya saheul". Wakorea wengi, kwa lugha yao ya mama, wakadhani ni siku nne, na neno hilo likapanda juu kabisa kwenye orodha ya yanayotafutwa mtandaoni. Basi ukikosea hapo, umekosea pamoja na wenye lugha.

Kwa siku zijazo tuna bahati ya kufanana. Kesho ni naeil, keshokutwa more, mtondo geulpi, mtondogoo geugeulpi. Lugha ngapi unazijua zenye neno moja la mtondogoo? Cha kuchekesha, naeil ni ya Kichina. Sun Mu alisikia neno la asili la kesho na akaliandika, lakini herufi zake hazituambii kwa uhakika lilitamkwaje. Mtondogoo yao imebaki, kesho yao imepotea.

Hatua ya 9: kukadiria

Ukitaka kusikika kama mwenyeji, jifunze kutokuwa na uhakika. Sisi husema "maneno mawili matatu". Wao wanabana namba mbili zikawa moja. Handu ni moja au mbili, duse mbili au tatu, seoneo tatu au nne, daeyeoseot tano au sita, yenilgop sita au saba. *Saram duse myeong* ni watu wawili watatu hivi.

Jaribu meza moja

Mko wanne, mnataka nyama ya nguruwe ya samgyeopsal ya watu watatu, pombe ya soju chupa moja, maji glasi nne na bakuli mbili za wali. Funika aya inayofuata, uagize kwa sauti.

*Samgyeopsal sam inbun, soju han byeong, mul ne jan, gonggibap du gae juseyo.*

Angalia ulipobadilisha seti: nyama imekwenda China kwa sababu ya inbun, vilivyobaki vimekaa nyumbani na vyote vimekatwa. Mkitaka kuongeza wali mmoja baadaye, sema *hana deo juseyo*. Hakuna neno la kuhesabia nyuma yake, kwa hiyo hana inabaki nzima. Bili ikija, soma kwa Kichina.